Mtarajali kwenye shirika la biashara ya haki: anajifunza nini, na saa zake analipa nani?

Kila likizo ndefu inapokaribia, wanafunzi na wahitimu huniletea swali lilelile: "Kuna shirika la maendeleo ya jamii na biashara ya haki linapokea watarajali, yaani watu wa kujifunza kazi. Niombe?" Nikiwauliza wanatarajia kufanya nini huko, wengi hujibu kwamba wanakwenda kusaidia jamii. Nia ni njema, lakini jibu hilo halimwambii mtu kama atashinda shambani na wakulima, au ghalani akihesabu vikapu, au ofisini akijaza majedwali mpaka macho yamuume. Halimwambii pia kama atalipwa. Nimekaa kwenye kazi hii muda wa kutosha, kwanza kama mtarajali na baadaye kama msimamizi wao, na naamini kwamba miezi minne ya namna hii inaweza kumjenga kijana kuliko mihula miwili ya darasani. Ila lazima ajue anaingia wapi.

Shughuli mbili chini ya paa moja

Tuanze na jina lenyewe, kwa sababu limebeba shughuli mbili zisizofanana. Maendeleo ya jamii huendeshwa kwa miradi. Mfadhili anatoa fedha, shirika linaahidi kazi fulani kwa muda fulani, mafunzo yanafanyika, kikundi cha kuweka na kukopa kinaundwa, ripoti inaandikwa. Fedha hutangulia, kazi hufuata. Biashara ya haki, kwa upande wake, ni biashara, ila inayokusudia mzalishaji apate malipo ya haki. Mteja anaagiza, wazalishaji wanatengeneza, mzigo unakaguliwa, unafungwa na kusafirishwa. Hapa kazi ndiyo inayotangulia na fedha hufuata, pengine baada ya miezi. Mradi ukichelewa wiki mbili, unaandika barua ya maelezo. Oda ikichelewa wiki mbili, meli imeshaondoka.

Ndiyo maana ndani ya ofisi moja utawakuta watu wanaozungumza kama wametoka nchi mbili. Afisa mradi anazungumzia viashiria na walengwa, mwenzake wa masoko anazungumzia sampuli, vipimo na tarehe ya kupakia. Msusi wa vikapu yuleyule kwa wa kwanza ni mnufaika wa mradi, kwa wa pili ni mzalishaji mwenye oda ya kutimiza.

Mtarajali mmoja niliyemsimamia alikasirika sana alipoona vikapu kumi na viwili vinarudishwa kwenye kikundi kwa sababu vipini vyake vilipishana urefu. Aliona ni ukatili: mnawaita watu mje tuwainue, kisha mnawarudishia kazi ya mikono yao! Nilimwomba avirudishe yeye mwenyewe na akae nao wavipime pamoja. Alirudi jioni ametulia, ameshika kipande cha kamba. Wasusi walikuwa wamefuata kwa uaminifu kamba ya kipimo tuliyowapa sisi, na kamba hiyo ilikuwa imekatwa vibaya ofisini. Tulilipia vikapu vyote kumi na viwili, tukakata kipimo kipya cha mti usioweza kunyumbuka. Kijana yule alijifunza siku moja kwamba ukaguzi wa ubora unaweza kumlinda mzalishaji kama unavyomlinda mnunuzi, mradi tu mtu akubali kufuata kosa hadi lilipoanzia.

Kwa nini mashirika hayafanani

Mtu akisema "biashara ya haki" anaweza kuwa anazungumzia kitu kimoja kati ya viwili, na historia ndiyo inayoeleza sababu.

Mwaka 1946 Mmarekani Edna Ruth Byler alitembelea Puerto Rico, akakutana na wanawake waliokuwa na ufundi mkubwa wa kudarizi lakini wakiishi katika umaskini. Alinunua vitambaa vyao akaenda kuviuza kwa majirani na marafiki nyumbani kwake, akivibeba ndani ya gari lake. Kazi hiyo ndiyo iliyokua hadi kuwa Ten Thousand Villages. Njia hii ya kwanza haikuhitaji nembo. Ilisimama juu ya uhusiano: muuzaji anamjua aliyetengeneza, na anaweza kumweleza mnunuzi alilipwa vipi.

Nembo ililetwa na kahawa. Wakulima wadogo wa chama cha UCIRI, katika jimbo la Oaxaca nchini Meksiko, hawakuridhika kuuza kidogo kidogo kwa wanunuzi wenye huruma. Walitaka kahawa yao iwe kwenye rafu za maduka ya kawaida. Frans van der Hoff, padri Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi nao, akishirikiana na Nico Roozen wa shirika la Solidaridad, walibuni alama ambayo mchoma kahawa yeyote angeweza kuitumia akikubali masharti. Mwaka 1988 nembo ya Max Havelaar ikaanza Uholanzi. Mwaka uliofuata mfumo wa mgao wa mauzo uliokuwa ndani ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, na bei ikaanza safari ya kushuka. Kufikia 2001 ratili moja ya kahawa ya arabika ilikuwa imeshuka chini ya senti 50 za dola ya Marekani kwenye soko la New York. Ahadi ya bei isiyoshuka chini ya kiwango fulani, iliyoonekana kama ndoto ya padri, ikawa kitu ambacho wakulima walikielewa bila kuhubiriwa.

Njia hizo mbili bado zipo. Mashirika ya nembo ya nchi mbalimbali yaliungana mwaka 1997, na umoja wao leo unaitwa Fairtrade International, wenye makao yake Bonn, Ujerumani. Katika mfumo huu cheti hutolewa kwa bidhaa na mnyororo wake: kahawa hii, ndizi hizi, pamba hii. Upande wa pili ni Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, lililoanza mwaka 1989 kwa jina jingine. Lenyewe huangalia shirika zima kwa kutumia kanuni kumi, kuanzia kuwapa nafasi wazalishaji walio pembezoni, uwazi na malipo ya haki, hadi kutunza mazingira. Marekani kuna mgawanyiko wake: Fair Trade USA ilijitoa kwenye umoja wa kimataifa mwishoni mwa 2011, na moja ya mambo yaliyoleta mtengano ni kama mashamba makubwa ya kahawa yapewe cheti au kibaki kwa wakulima wadogo peke yao.

Kwa mwombaji, tofauti hizi zina maana ya kila siku. Ukienda kwenye ofisi inayoshughulika na vyeti, utaishi na viwango, ripoti za ukaguzi na takwimu za mauzo. Ukienda kwa shirika linalonunua na kuuza kazi za mikono, utaishi na sampuli, maboksi na maswali ya wateja. Ukienda kwenye chama cha wazalishaji wenyewe, utafanya chochote kilichopo siku hiyo, na mimi kwa maoni yangu hapo ndipo mtu anapojifunza zaidi.

Bei, nyongeza, na sentensi ya ripoti

Kuna hesabu mbili ambazo kila mtarajali huzichanganya katika wiki ya kwanza. Ya kwanza ni bei ya chini. Kwa arabika iliyooshwa, Fairtrade ilikuwa imeweka dola 1.40 kwa ratili, na tangu Agosti 2023 ni dola 1.80. Soko likiwa juu ya hapo, mnunuzi hulipa bei ya soko. Soko likiporomoka, hashuki chini ya 1.80. Hiyo ni sakafu, wala haimaanishi kwamba mkulima mmoja mmoja anatia mfukoni dola 1.80, kwani anayelipwa ni chama chake, na chama kina gharama za kukoboa, kuhifadhi, kusafirisha na kulipa mikopo.

Ya pili ni nyongeza ya Fairtrade, ambayo kwa kahawa ni senti 20 kwa ratili juu ya bei. Angalau senti 5 kati ya hizo zinatakiwa ziende kwenye kuboresha tija na ubora. Namna ya kutumia zilizobaki huamuliwa na wanachama wenyewe katika mkutano wao mkuu.

Wanachama wenyewe. Nalisisitiza neno hilo kwa sababu hapa ndipo watarajali wanaopewa kazi ya kuandika wanapokosea zaidi, na kosa lao huchapishwa. Wataandika: "Shirika limewajengea wakulima ghala." Ghala lile limejengwa kwa nyongeza iliyotokana na kahawa ya wakulima, kwa kura ya wakulima, na pengine baada ya mabishano ya saa tatu kati ya waliotaka ghala na waliotaka zahanati. Shirika lilisaidia kuandika mchanganuo wa gharama. Ukiandika "wanachama wa chama walipiga kura kujenga ghala kwa fedha za nyongeza yao", umesema kweli, na mkulima akisomewa ripoti hiyo hatajikuta amegeuzwa ombaomba katika mali yake mwenyewe.

Hali ni hiyohiyo kwenye picha. Mtarajali mwenye simu nzuri hutumwa "kukusanya simulizi". Aombe ruhusa kwa lugha ambayo mpigwa picha anaielewa, aeleze picha itatumika wapi, akubali kukataliwa, na arudi na nakala. Kama shirika halina fomu ya ridhaa, kuitengeneza ni kazi nzuri ya wiki ya kwanza.

Kikapu cha siku mbili

Kazi ninayoipenda kumpa mtarajali anayefanya kazi na vikundi vya mikono ni kukokotoa bei ya kitu kimoja. Huanza na swali jepesi: kikapu hiki kimekuchukua muda gani? Msusi atajibu, "Siku mbili." Mtarajali mwenye haraka huandika siku mbili, anazidisha kwa kima cha chini cha mshahara wa siku, anaongeza malighafi, anafunga daftari.

Aliyeelekezwa vizuri huketi na msusi tangu mwanzo hadi mwisho, ana saa na kalamu. Hapo anagundua kwamba siku mbili zile ni za kusuka tu. Kabla yake kulikuwa na kwenda kukata majani, kuyachana, kuyachemsha kwenye rangi, kuyaanika, kuyageuza, kisha kuyaloweka tena yalainike. Baada yake kuna kupunguza ncha zilizochomoza, kushona kipini, na mwendo wa kwenda kituo cha kukusanyia na kurudi. Katikati ya kusuka, msusi ameinuka mara nyingi kumhudumia mtoto na kutazama chungu, kwa hiyo saa zake zimekatika vipande vipande na yeye mwenyewe amezoea kutovihesabu. Katika zoezi moja nililolisimamia, kikapu cha "siku mbili" kilifika saa 19.

Kisha huja maswali ambayo hayana jibu la kitabuni. Sufuria moja ya rangi ilitosha vikapu sita, je, kila kikapu kibebe sehemu gani ya muda ule na ya kuni zile? Kipimo kiwe cha msusi hodari mwenye vidole vyepesi, au cha mwenzake aliyejiunga mwaka huu? Ukichukua hodari peke yake, umewapunja wote waliobaki. Sisi huwapima wasusi kadhaa, tunakaa na kikundi kizima, na tunakubaliana muda ambao msusi wa kawaida anaweza kuufikia bila kujiumiza. Hiyo ndiyo maana ya kanuni ya WFTO ya malipo ya haki inapotaka malipo yakubaliwe kwa mazungumzo. Lazima kila aliyeketi pale aone namba zilikotoka.

Mwishowe bei inakwenda kwa mteja, na mteja anasema ni ghali. Huu ndio wakati wa kumwangalia mtarajali amejifunza nini. Njia ya mkato ni kukata malipo ya msusi. Njia ya haki ni kurudi mezani na kuuliza: tukipunguza rangi kutoka nne hadi mbili, tunaokoa saa ngapi? Kikapu kikiwa kidogo kidogo, boksi moja litabeba vingapi zaidi? Mara nyingi sana akiba imejificha kwenye ufungaji na usafirishaji, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anatazama.

Kazi nyingine iliyoongezeka miaka ya karibuni ni kupima mashamba. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka kahawa, kakao na bidhaa nyingine kadhaa zinazoingia kwenye soko lake zionyeshe zilikolimwa, ili kuthibitisha kwamba shamba halikutokana na msitu uliokatwa baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawakusubiri, na vyama vimelazimika kukusanya alama za kila shamba. Shamba lisilozidi hekta nne linahitaji nukta moja tu kwenye ramani, kubwa zaidi ya hapo linahitaji mpaka wake wote uchorwe. Vijana wenye simu za GPS ndio wanaotembea mipaka hiyo. Ni kazi ya jasho, na ni kazi ya kuaminiana pia, kwa kuwa unamwomba mkulima ruhusa ya kuandika mahali alipo na ukubwa wa mali yake. Mtarajali anapaswa kuweza kumjibu mkulima anayeuliza, "Taarifa hizi zitakaa kwa nani?" Kama hajui, arudi ofisini akaulize kwanza.

Saa za mtarajali

Sasa tufike kwenye posho, ambako mashirika mengi mazuri huanza kuzungumza kwa sauti ya chini.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba neno "mtarajali" hutumika kwa watu wa aina tatu. Kuna mwanafunzi aliyeletwa na chuo ili atimize sehemu ya masomo yake. Kuna mhitimu anayefanya kazi halisi kwa saa kamili. Kuna mtu wa kujitolea, anayetoa muda wake akijua hatalipwa. Shirika linaweza kuwa nao wote watatu kwenye chumba kimoja wakifanya kazi ileile, na sheria za nchi zinawatazama tofauti.

Uingereza, kwa mfano, Sheria ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 1998 inaruhusu mashirika ya hisani kuwa na wafanyakazi wa kujitolea wasiolipwa, ilimradi wanachopata ni kurudishiwa gharama zao kama nauli na chakula. Hii inaeleza tangazo ambalo huwakera vijana wengi: "Hatulipi, ila tunarudisha nauli kwa risiti." Shirika la hisani likianza kutoa posho ya jumla isiyolingana na gharama halisi, linaweza kujikuta limeajiri bila kujua, na linadaiwa mshahara kamili. Ufaransa imechukua njia nyingine. Mafunzo yanayozidi miezi miwili lazima yalipwe kiwango kilichowekwa kisheria, hayaruhusiwi kupita miezi sita, na mkataba hutiwa saini na pande tatu: chuo, mwanafunzi na shirika. Marekani tangu 2018 kampuni za faida hupimwa kwa vigezo saba vinavyouliza ni nani anayenufaika zaidi na mpango huo, lakini mashirika yasiyo ya faida yana nafasi pana ya kupokea watu wa kujitolea.

Mwelekeo, hata hivyo, unabadilika. Shirika la Afya Duniani lilianza kuwapa watarajali wake posho mwaka 2020. Kamati ya Ulaya ya Haki za Kijamii, katika uamuzi wake wa 2021 juu ya malalamiko ya Jukwaa la Vijana la Ulaya dhidi ya Ubelgiji, iliona kwamba nchi hiyo haikufanya vya kutosha kuwakagua waajiri wanaoita kazi ya kawaida "mafunzo" ili wasilipe.

Mimi nina msimamo, na nitausema. Shirika linalomfundisha kijana kuhesabu saa 19 za kikapu haliwezi kukataa kuhesabu saa zake yeye. Sisemi kila mtarajali alipwe kama afisa. Vyama vingi vya wazalishaji vinajiendesha kwa shida, na mtu wa kujifunza hutumia muda mwingi wa msimamizi, ambao nao ni gharama. Lakini nafasi isiyolipwa kabisa, ya siku tano kwa wiki kwa miezi sita, huchaguliwa na wenye kwao. Binti wa msusi, ambaye anajua kazi hiyo tangu utotoni na ambaye siku moja angefaa kuiongoza ofisi ile, hawezi kuishi nusu mwaka bila kipato. Matokeo yake ofisi hujaa watu wanaozungumza kwa niaba ya wasusi bila hata mmoja aliyelelewa na msusi. Kama fedha hazipo, fupisha muda, toa siku mbili au tatu kwa wiki, gharamia chakula na nauli, tafuta chuo kitakachochangia. Na andika ukweli huo kwenye tangazo, mtu aamue kabla hajafunga mizigo.

Kuna hali ya kinyume pia: programu ambazo mtarajali ndiye anayelipa. Mwombaji anatoa fedha kwa wakala ili apelekwe kwenye shirika nchi ya mbali. Baadhi ni za kweli, zinalipia malazi, bima na mtu wa kumsimamia. Swali la kuuliza ni moja: katika fedha nitakazolipa, kiasi gani kinafika kwa kikundi kitakachonipokea, na nani anaweza kunionyesha? Uwazi ni kanuni ya pili katika zile kumi. Ofisi inayokasirishwa na swali hilo imeshakujibu.

Walio nje ya daftari

Mtarajali makini atakutana pia na maswali ambayo biashara ya haki haijayamaliza. Mwaka 2014 watafiti wa SOAS, ya Chuo Kikuu cha London, walitoa matokeo ya utafiti wao wa Ethiopia na Uganda. Waliwatazama vibarua wanaolipwa ujira, na wakakuta kwamba katika maeneo yenye vyama vya wazalishaji wenye cheti cha Fairtrade, vibarua hao mara nyingi walilipwa pungufu kuliko wenzao wa maeneo mengine. Fairtrade ilipinga namna ulinganisho ulivyofanywa. Hata hivyo jambo lililofichuliwa halikuweza kufichwa tena: mkulima mdogo mwenye kadi ya uanachama huwa na vibarua wake wakati wa mavuno, na kibarua huyo hana kadi, hana kura juu ya nyongeza, na mara nyingi jina lake haliko kwenye daftari lolote.

Nawaambia watarajali wasiogope habari hii wala wasiibebe kama rungu. Waende nayo shambani. Wakati wa mavuno waulize ni nani anayechuma, analipwa kwa debe au kwa siku, na nani aliyepanga kiwango hicho. Mimi niliuliza hivyo nikiwa mtarajali, na mwenyekiti wa chama alinyamaza kidogo, kisha akaniambia swali hilo hawakuwa wameliweka kwenye mkutano hata mara moja. Waliliweka mwaka uliofuata. Sidai sifa, kwa sababu walioliinua siku ile ni wanachama wawili wanawake ambao nao waliwahi kuwa vibarua.

Kabla ya kuweka saini

Ukiitwa kwenye usaili, nawe uliza. Msimamizi wangu ni nani, na ana saa ngapi kwa wiki za kukaa nami? Shirika likikosa jibu hapa, mengine hayana uzito. Uliza pia kazi yangu itatumiwa na nani nikiondoka, na mtarajali aliyepita alifanya nini na kiko wapi alichokifanya. Pata maandishi yenye tarehe ya kuanza na kumaliza, majukumu, saa za kazi, kinachogharamiwa, bima kama ipo, na utaratibu wa kulalamika ukifanyiwa jambo lisilofaa. Barua ya maombi nayo isijae mapenzi yako kwa jamii. Sema unajua kufanya nini: kuandika lugha gani kwa ufasaha, kutengeneza jedwali lenye fomula, kupiga picha, kusoma mizania. Kujua lugha ya wazalishaji ni sifa kubwa, na ninashangaa ni waombaji wangapi huiacha bila kuitaja.

Kuhusu muda, chini ya miezi mitatu ni shida. Mwezi wa kwanza unajifunza majina na njia. Wa pili unaanza kufaa. Ukiondoka hapo, kikundi kimekupa zaidi ya ulichokiacha, na wao wameshapokea wageni wengi wa namna hiyo, wamewachinjia kuku wengi, wamewasimulia habari zilezile tena na tena.

Wiki ya mwisho ni ya kukabidhi. Mtarajali aliyefanya lile zoezi la saa 19 alikuwa ameandaa jedwali zuri kwenye kompyuta, lenye rangi na fomula, na alilionea fahari. Nikamwuliza nani kwenye kikundi ana kompyuta. Hakuna. Akakaa siku tatu akilihamishia kwenye daftari la mistari: safu ya malighafi, safu ya saa, safu ya ufungaji, na mfano mmoja uliojazwa kwa wino mwekundu. Kisha akampa katibu wa kikundi oda mpya ya kikapu cha ukubwa mwingine, nami nikamwambia mtarajali aketi mbali na asiseme neno. Katibu alivaa miwani yake, akapima majani, akawauliza wenzake wawili muda wa kuchemsha rangi. Kwenye safu ya saa aliandika namba, akaitazama, akaikata kwa mstari mmoja, akaandika kubwa zaidi pembeni yake.